Gari la Zamani Nalo Huugua



Mwezi huu naomba tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tumelihesabu kuwa ni la akina baba: gari la nyumbani. Tena si gari jipya, bali yale magari ya kifahari yaliyokwisha kuzeeka, ambayo sasa tunayaona hata vijijini kwetu. Huko Japani yalibeba wakubwa wa kazi. Huku kwetu yanabeba mahindi, wanakwaya na wagonjwa.

La kwetu ni Toyota Mark II, toleo la miaka ya 1996 hadi 2000, lile watu wanaloliita GX100. Baba watoto aliuza ng'ombe ili kulinunua kwa mtu aliyekuwa amelitumia miaka kadhaa jijini Mwanza. Siku lilipoingia uani, majirani walikuja kushika viti vyake laini kama watu waliokuja kumwona bibi harusi. Injini yake ina silinda sita, na likipata lami huenda kimya kama mtumbwi ziwani.

Lakini uzee una mambo yake. Dirisha la nyuma hushuka lenyewe, ila kupanda ni mpaka lisaidiwe kwa mkono. Saa ya dashibodi imekufa. Redio hushika vituo vichache tu, maana redio za magari ya Japani zilitengenezwa kwa masafa ya FM 76 hadi 90, na vituo vyetu vingi viko juu ya hapo. Tukiingia kwenye mashimo, dashibodi hulia kwi-kwi-kwi kama kifaranga aliyepotewa na mama.

Huenda utauliza, mbona michomoko inayobeba abiria hapa kwetu haituudhi hivyo? Jibu ni kwamba katika mchomoko kila kitu kinalia, kwa hiyo husikii kimoja. Gari la kifahari limetengenezwa liwe kimya. Mwaka 1958 kampuni ya Rolls-Royce ilitoa tangazo lililopata umaarufu, likijivunia kwamba gari lao likienda maili 60 kwa saa, sauti kubwa kuliko zote ndani yake ni ya saa ya umeme. Basi mahali palipo kimya, hata sindano ikianguka itasikika. Isitoshe, magari haya yana vikorokoro vingi vya umeme, na baada ya zaidi ya miaka 20 ya jua na vumbi, mpira hukauka na plastiki hukakamaa.

Mume wangu alikuwa na msemo wake: "Mama, gari la zamani lazima liimbe." Nami nilinyamaza, nikijiambia kwamba hayo ni mambo ya wanaume. Tukazoea kuongeza sauti ya redio.

Jumamosi moja tulikuwa tunakwenda Tarime kwenye harusi, watoto wawili na mama mkwe wangu wakiwa kiti cha nyuma. Njiani nikasikia sauti ngeni: kong'! Ilitoka mbele, upande wangu, kila usukani ulipokatwa kwenye shimo. Nikamwambia baba watoto. Akasema, "Ni zile zile." Nikasema, "Hapana, baba, zile nazijua. Hii ni mpya." Alikasirika kidogo, kwa kuwa tulikuwa tumechelewa, lakini alipunguza mwendo na tukatambaa mpaka kwa fundi wa kwanza tuliyemwona. Fundi akainua gari kwa jeki, akalishika gurudumu kwa mikono miwili na kulitikisa. Likacheza kama jino la mtoto. Boli jointi ilikuwa imekwisha. Akatuambia kwamba kama ingechomoka tukiwa kwenye mwendo, gurudumu lingelala na gari lisingeshikika. Bei ya kifaa na ufundi haikufika gunia moja la mahindi.

Nilikaa kwenye benchi la gereji nikaona aibu. Kila siku zahanati nawafundisha akina mama dalili za hatari kwa mtoto, nawakemea wanaosema "ni kikohozi tu." Nami nilikuwa nimewapakia wanangu katika gari ambalo sikutaka kulisikiliza.

Tangu siku hiyo tunazipanga sauti za gari kama tunavyowapanga wagonjwa mapokezi, mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni za kuvumilia. Dashibodi inayolia, dirisha zito, saa iliyokufa, jeki na spana zinazogongana kwenye buti. Funga spana kwa kitambaa, chomeka kipande cha nguo palipo na mwanya, kisha endelea na safari. Usitumie ada ya mtoto kutafuta saa.

Fungu la pili ni za kupeleka gereji wiki hii. Mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, huenda ni beringi ya gurudumu. Mlio mwembamba ukikanyaga breki, huenda pedi zimebaki nyembamba. Pedi nyingi huwekewa kipande cha chuma makusudi ili kilie na kukuonya. Ekzosi inayonguruma usiiache, maana moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mkiwa safarini watoto wakilalamika kichwa na kichefuchefu, au wakisinzia isivyo kawaida, simama, wote washuke wapate hewa safi, kisha wapelekwe hospitali.

Fungu la tatu ni za kusimama papo hapo. Breki zinazosaga chuma kwa chuma, au pedali inayozama. Usukani unaovuta ghafla au kutangatanga. Mgongo mzito kwenye gurudumu, kama ule wetu. Na mshale wa joto ukielekea kwenye nyekundu, zima injini, wala usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto. Nimewafunga bandeji watu walioungua uso kwa maji hayo.

Kuna jambo moja zaidi, nalo lahusu ulimi wetu. Ukimwambia mumeo "gari lako bovu," umemgusa mahali pabaya, hasa kama aliuza ng'ombe. Mweleze kama mgonjwa anavyomweleza daktari: sauti imeanza lini, inatoka upande gani, inakuja wakati wa kukata kona, wa kufunga breki au wa kuwasha, na je, inaongezeka? Mimi nina daftari dogo ndani ya gari. Mwanzoni baba watoto alicheka. Siku hizi kabla ya kwenda kwa fundi ananiuliza, "Mama, daftari lako linasemaje?" Na fundi hupoteza muda mchache kubahatisha, nasi fedha chache.

Dirisha letu la nyuma bado linasaidiwa kwa mkono. Kifaranga bado analia ndani ya dashibodi, nami nimemzoea. Lakini redio tunaizima tukifika kwenye barabara mbaya, tusikilize.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akitujalia.