Nywele hazikukataa kukua, zinakatika

MIONGONI mwa malalamiko yanayosikika sana wanapokutana akina mama, iwe harusini, kwenye darsa za jioni au katika foleni ya kliniki, ni hili la nywele. Mama wa miaka 35 mwenye watoto watatu atakwambia: "Nywele zangu zimekataa kukua. Nilipokuwa msichana zilifika mabegani, sasa huu mwaka wa sita ziko hapo hapo shingoni." Muulize amefanya nini, atakuhesabia chupa. Mafuta ya fulani, dawa ya fulani, vidonge alivyoletewa na shemeji kutoka Dubai. Fedha imekwenda, nywele ziko pale pale.

Mimi naona malalamiko hayo yanaanza na neno lisilo sahihi, na neno hilo ndilo linalowatajirisha wauzaji. Nywele hazikukataa kukua. Ndugu msomaji, kama unaweka dawa ya kulainisha, kwa nini baada ya miezi miwili unarudi saluni kufanyiwa ritachi? Ni kwa sababu zimeota nywele mpya ambazo dawa haijazigusa. Kama unasuka, kwa nini msuko wa wiki tatu umeachana na ngozi ya kichwa na unaning'inia? Kama mvi zimeanza na unapaka hina, mstari mweupe unaorudi pale mizizini umetoka wapi? Nywele zinakua kila siku iendayo kwa Mungu. Ila kinachoongezeka kwenye mzizi kinapotea kwenye ncha, na vikilingana, urefu unasimama. Ndoo inavuja, lakini sisi tunalilaumu bomba na kununua bomba jingine.

Tufanye hesabu kidogo, maana hesabu ndiyo inayomuumbua muongo. Mwaka 2001 mtafiti Loussouarn wa Ufaransa alichapisha vipimo vya kasi ya ukuaji wa nywele. Nywele za Waafrika aliowapima zilikua kwa wastani wa kama robo ya milimita kwa siku, na za Wazungu kama milimita 0.4. Kwa nywele zetu basi, hiyo ni sentimita 9 hivi kwa mwaka mzima. Sasa chukua ile chupa yenye picha ya mwanamke mwenye nywele za kufika kiunoni, inayoahidi inchi nne kwa mwezi. Inchi nne ni sentimita 10. Muuzaji anakuahidi ndani ya siku 30 kitu ambacho mwili wako unakifanya kwa zaidi ya mwaka. Aidha, kila unywele una muda wake wa kukua, miaka miwili hadi sita hivi, kisha hupumzika na kudondoka, na muda huo hutofautiana baina ya mtu na mtu kama yanavyotofautiana maumbile mengine. Wapo dada ambao hata wakitunza namna gani nywele hazitafika mgongoni, na hilo si ugonjwa. Lakini wengi wanaolalamika hawajafika hata nusu ya urefu waliojaaliwa, kwa sababu zinakatika njiani.

Chanuo lako linasema nini?

Kabla hujanunua chochote, ziangalie nywele zilizobaki kwenye chanuo. Ukiona nywele ndefu zenye kijipunje cheupe upande mmoja, hizo zimedondoka kutoka kwenye mzizi. Kudondoka nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida, nafasi zao huchukuliwa na nyingine. Ukiona vipande vifupi visivyo na punje, hivyo vimekatika. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na tiba zake ni tofauti, lakini muuzaji atakupa chupa ile ile.

Kudondoka kwa wingi mara nyingi kuna sababu ndani ya mwili. Mama aliyejifungua huona nywele zinamwagika kuanzia kama mwezi wa tatu, akadhani amepatwa na jicho la watu. Hali hiyo aghlabu hutulia yenyewe baada ya miezi kadhaa. Homa kali, ikiwemo malaria au taifodi, nayo huweza kuleta kudondoka miezi miwili au mitatu baadaye, wakati mgonjwa ameshasahau kuwa aliugua. Upungufu wa madini ya chuma kwa mwenye hedhi nzito, na maradhi ya tezi ya shingo, nayo yamo. Haya hayatibiwi kwa mafuta. Yanatibiwa kwa kupima damu.

Kukatika ni habari nyingine, na ndiyo habari ya walio wengi. Unywele wetu wa kipilipili umejiviringa, na kila mpindo ni mahali dhaifu. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi hayateremki kwa urahisi hadi kwenye ncha. Na ncha ya unywele wa sentimita 20 ina umri wa zaidi ya miaka miwili, imepitia kila kuchanwa, kila pasi ya moto, kila dawa. Zile dawa za kulainisha zenye magadi makali huvunja viungo vinavyoushikilia unywele. Ndivyo zinavyolainisha, na ndivyo zinavyodhoofisha. Kuhusu dawa hizo, ipo habari nyingine inayostahili kufika majumbani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa Oktoba 2022, uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11, ulikuta kuwa waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara mbili wa kupata saratani ya mji wa mimba kuliko wasiotumia. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha uhusiano, hauthibitishi kuwa dawa ndiyo iliyoleta ugonjwa, na saratani hiyo bado si ya wengi. Hata hivyo, dada anayeweka dawa kila baada ya wiki nane anapaswa kujua.

Chini ya ushungi

Hapa ndipo panaponikera zaidi. Wapo wanaoeneza kuwa hijabu inaua nywele, eti hazipati hewa wala jua. Hayo ni maneno matupu. Sehemu ya unywele iliyotoka nje ya ngozi haina uhai, haipumui, na mzizi unalishwa kwa damu, si kwa upepo. Kinachodhuru ni namna tunavyojifunga. Dada anaoga au anatia udhu, nywele mbichi, anazibana kwa raba bendi mahali pale pale pa jana na juzi, anavaa kofia ya ndani inayobana kwenye paji la uso, anafunga ushungi juu yake, anashinda hivyo tangu alfajiri hadi Isha. Unywele ukiwa na maji huvutika na kukatika kwa urahisi, na kofia inasugua mstari wa mbele kutwa nzima. Dawa yake ni nyepesi: kausha kabla ya kufunga, legeza, badilisha mahali pa kubana, na chini ya ushungi weka kitambaa cha satini au hariri badala ya pamba ngumu. Mwanamke hakukatazwa hariri. Ukifika nyumbani, vua, kichwa kipumzike.

Lakini ushungi una jambo jingine ambalo si kosa lake. Unaficha. Dada asiyefunika kichwa, mapanja yakianza kurudi nyuma, shoga yake atamwambia. Sisi anayeona ni mume, na pengine naye hasemi, au anasema kwa kejeli. Matokeo yake tunafika kwa daktari tumechelewa, na katika maradhi haya kuchelewa kuna gharama yake. Upara unaotokana na kuvutwa kwa nywele huanza taratibu kwenye mapanja na mstari wa mbele. Ukiacha kuvuta mapema, nywele hurudi. Ukiendelea kwa miaka, mzizi hufa na nafasi yake huchukuliwa na kovu, na palipo na kovu hapaoti kitu, si kwa habasoda, si kwa nyonyo, si kwa dawa ya hospitali. Katika uchunguzi wa Nonhlanhla Khumalo na wenzake mjini Cape Town, uliochapishwa 2007, karibu theluthi moja ya wanawake watu wazima waliochunguzwa walikuwa na upara wa aina hii. Theluthi moja! Na ni upara tunaojitengenezea kwa mikono yetu, na kwa fedha zetu.

Msuko unaohitaji Panadol usiku wa kwanza si msuko mzuri. Vipele kwenye mizizi ya nywele ni onyo. Nawaomba akina mama muwatazame mabinti wa miaka sita na saba wanaosukwa kwa ajili ya Idi hadi macho yanavutika, mtoto analia na msusi anacheka. Yule ndiye atakayelalamika akiwa na miaka 35.

Nyongeza nayo ina uzito wake. Sisi Waislamu tunajua kuwa kuunganisha nywele kumekemewa vikali. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, aliyeombewa ruhusa alikuwa bibi harusi ambaye nywele zake zilidondoka kwa maradhi, na hata yeye hakuruhusiwa. Kuhusu uzi na sufi, masheikh wana maelezo yao, waulizwe. Upande wa afya ni kwamba rundo la nywele za bandia linaning'inia kwenye vinyweleo vile vile vilivyokwisha dhoofika. Anayeficha upara kwa nyongeza anaupanua.

Nina neno pia kwa akina baba. Nywele nyingi unazoziona kwenye tamthilia zimenunuliwa, na mwenye nazo anazivua akienda kulala. Mume anayemlinganisha mkewe na picha hizo, halafu akatoa fedha ya saluni kila mwezi bila swali lakini akaguna akiombwa nauli ya hospitali na gharama ya kupima damu, huyo ni sehemu ya ugonjwa.

Vichupa nje ya msikiti

Kuna biashara imeota mizizi miaka hii, ya mafuta ya kukuza nywele yanayouzwa kwa jina la tiba ya sunna, mengine nje ya milango ya misikiti baada ya swala ya Ijumaa. Nitasema wazi, anayekerwa na akereke. Hadithi kuhusu mafuta ya mzaituni tunaijua, na tunahimizwa kuyala na kujipaka. Haikuahidi urefu wa nywele. Kubandika jina la Mtume (s.a.w) kwenye ahadi asiyoitoa ni jambo zito kuliko hasara ya shilingi elfu kumi.

Mafuta yana kazi yake. Bibi zetu wa pwani waliopaka mafuta ya nazi hawakukosea: majaribio ya maabara yaliyochapishwa 2003 nchini Marekani na watafiti wa India, Rele na Mohile, yalionyesha kuwa mafuta ya nazi hupunguza upotevu wa protini katika unywele, jambo ambalo mafuta ya alizeti na mafuta ya madini hayakulifanya. Yaani yanazuia kukatika. Hayasukumi nywele kutoka kichwani. Ile nazi ya jikoni kwako yatosha. Vidonge vya biotini navyo havina faida inayojulikana kwa asiyepungukiwa, na kupungukiwa ni nadra. Isitoshe, mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kuwa biotini nyingi mwilini huweza kupotosha majibu ya vipimo vya damu, vikiwemo vya moyo. Ukiwa unaitumia, mwambie daktari kabla ya kutolewa damu. Na piko ya kupaka kwenye nywele iepukwe, ile rangi nyeusi huweza kuwasha na kuvimbisha uso mzima.

Wengine wanafumua na kuchana kila siku kwa kuhofia josho. Bi Ummu Salama (r.a) aliuliza suala hilo hilo kuhusu misuko yake iliyokazwa na josho la janaba, na katika hadithi iliyopokewa na Muslim akaambiwa hana haja ya kufumua, bali ajimiminie maji kichwani. Kwa josho la hedhi wanazuoni wana kauli mbili, muulize unayemwamini. Tumeelekezwa pia kuzikirimu nywele, na kutozichana kila siku bali siku moja moja. Kwa nywele za kipilipili, huo ni ushauri ambao mtaalamu wa ngozi angekupa leo. Chana zikiwa na unyevu na mafuta, kwa chanuo la meno mapana, ukianzia kwenye ncha kurudi juu. Msuko uwe mlegevu na usizidi wiki sita, kisha kichwa kipumzike wiki mbili tatu. Ncha zilizopasuka zikatwe, ingawa najua inauma kukata kile unachokitafuta.

Ukiona mapanja yamepanda, utosi unang'aa na kuwaka moto, mabaka ya mviringo, au vipele vyenye usaha, usisubiri. Anza na kituo cha afya kilicho karibu, omba kupimwa damu, na uombe rufaa kwa daktari wa ngozi. Pale KCMC Moshi kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, na wengi waliosomea hapo wanahudumu mikoani. Ukihitaji daktari mwanamke, sema mapema unapoandikishwa. Siku hiyo nenda umefumua, kichwa kikiwa kisafi bila mafuta, na ubebe zile chupa zote ulizokuwa ukitumia, azisome.