Insulini Pekee Haitoshi: Haki ya Mgonjwa wa Kisukari Visiwani



Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa orodha mpya ya dawa muhimu, na humo zimeongezwa insulini zinazofanya kazi kwa haraka. Ni hatua njema, kwani nchi nyingi huitazama orodha hiyo zinapopanga dawa za kununua. Lakini kwa familia ya Micheweni au Makunduchi suala moja limebaki pale pale. Insulini bila ya kupima ni sawa na kumpa mtu dawa amefumba macho.

Kiasi cha sindano hutegemea sukari iliyomo katika damu. Dawa ikizidi, sukari hushuka ghafla. Mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho, huzimia, na anaweza kufa. Dawa ikipungua, macho, figo na miguu huharibika kidogo kidogo. Kwa hiyo anahitaji pia sindano safi, mashine ya kupimia sukari, na vile vipande vinavyochomekwa kwenye mashine na kutiwa tone la damu. Mashine hununuliwa mara moja, au hutolewa kama msaada. Vipande hutumika mara moja vikatupwa, na vya mashine moja aghalabu havifanyi kazi kwenye nyengine. Mzigo wa familia uko hapo, mwezi baada ya mwezi. Basi tunapopokea msaada wa mashine, tuulize papo hapo: vipande vya miezi ijayo vitatoka wapi?

Jengine ni uhifadhi. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa ikae kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, na ikiganda barafu haifai tena. Wazee wa Unguja hawajasahau umeme ulivyokatika kwa takriban mwezi mzima mwaka 2008, kisha miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Utafiti uliochapishwa 2021, uliofanywa na Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, ulitumia vipimo vya joto la kambi ya Dagahaley, Kenya, kati ya nyuzi 25 na 37. Insulini iliyokaa wiki nne katika joto hilo haikupoteza nguvu yake. Hivyo asiye na friji asikate tamaa: aiweke kivulini, kwenye mtungi wa udongo wenye ubaridi, na amuulize daktari muda wa kuitumia. Vipande navyo visiachwe wazi, kwani unyevu huviharibu.

Kuhusu saumu, wapo wanaoacha kujipima mchana wa Ramadhani wakihofia kufungua. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jeddah, katika kikao chake cha 10 mwaka 1997, iliamua kuwa sindano za tiba zisizo za lishe hazibatilishi saumu, wala damu inayotolewa kwa uchunguzi. Mwongozo wa kitabibu nao unamtaka mgonjwa afungue sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6. Allah Amempa mgonjwa ruhusa katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Asiyekuwa na kipande cha kupimia atajuaje kuwa wakati wa kuitumia ruhusa hiyo umefika?

Tufanye nini? Mashine inaweza kuwekewa wakfu msikitini au kituo cha afya, kwa sababu asili yake inabaki na manufaa yake yanaendelea. Vipande huisha, kwa hiyo vinafaa kununuliwa kwa sadaka, au kwa mapato ya wakfu wa duka ama shamba ikiwa mweka wakfu ameelekeza hivyo. Mgonjwa aliye fakiri au maskini ni katika wanaostahiki zaka, na salama zaidi ni kumkabidhi mwenyewe. Kwa serikali na mifuko ya afya, ombi letu ni kuwa vipande vihesabiwe pamoja na dawa.

Na kila nyumba yenye mgonjwa wa kisukari aende kwa daktari wake kabla ya Ramadhani, si baada ya kuanguka.

Allah Awaponye wagonjwa wetu. Wallahu a'lam.