Fedha za watu hazikisiwi

Na Mwanaidi Kiango

Kikoba chetu kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake zimo mikononi mwa wanachama watatu tofauti. Halifunguliwi mpaka wote watatu wawepo, na fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya kila mtu. Wiki mbili zilizopita, tukijiandaa kuvunja kikoba na kugawana fedha, binti wa kaka yangu alituonea huruma. "Shangazi, mtakesha na kalkuleta mpaka lini? Nipe daftari nilipige picha, akili mnemba itamaliza."

Jibu lilikuja kabla maji ya chai hayajachemka: Kiswahili safi, mpangilio wa kupendeza, mgao wa kila hisa mpaka senti. Mweka hazina wetu, mama aliyeishi kwa kuuza samaki, aliitazama jumla akatikisa kichwa. Tukahesabu kwa mkono. Jumla hizo mbili zilitofautiana kwa zaidi ya shilingi 200,000. Binti akauliza tena swali lile lile, ikaja jumla nyingine kabisa, na maneno yake yalikuwa na uhakika ule ule.

Jambo hilo liliniuma, nikaanza kusoma na kuuliza. Programu hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yake ni kutabiri neno litakalofuata. Namba kwake ni vipande vya maandishi kama vingine. 12 kujumlisha 7 imekutana nayo mara nyingi, hivyo hupata. Ukurasa wa hisa, faini na marejesho ya kikoba chetu haijawahi kuuona popote, basi huandika namba inayofanana na jibu. Haikukusudia kutudanganya, ilikuwa haijahesabu chochote.

Dawa ipo, na mafundi wanaijua: ipewe chombo cha kuhesabia. Wakala wa akili mnemba (simsemi yule wa kibandani anayetutolea fedha) husoma swali, kisha huandika maagizo: jumlisha safu hii, gawanya kwa idadi ya hisa. Maagizo hayo hupelekwa kwenye programu ya kawaida ya hesabu, isiyojua kuzungumza lakini inayojua kujumlisha. Namba ikirudi, wakala huieleza kwa maneno. Kwa maagizo yale yale na kumbukumbu zile zile, ukirudia mara kumi unapata jibu moja.

Hata hivyo chombo chenyewe chaweza kuwa na kasoro. Kompyuta nyingi, kwa njia yao ya kawaida ya kutunza desimali, zikijumlisha 0.1 na 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Huko Kanada, soko la hisa la Vancouver lilianzisha faharisi yake Januari 1982 ikiwa na pointi 1,000. Programu ilikuwa ikikata kila tarakimu iliyozidi nafasi ya tatu ya desimali, badala ya kuikaribisha kwenye namba iliyo jirani, na ilifanya hivyo maelfu ya mara kwa siku. Novemba 1983 faharisi ilisomeka takriban 525. Ilipohesabiwa upya, ikakutwa inakaribia 1,099.

Kwetu sandukuni mlikuwa na shilingi 14,386,500, za kugawiwa hisa 4,137. Kila hisa inapata 3,477 na senti 52, na senti hakuna wa kuzipokea. Ukipandisha mgao hadi 3,478, zinatakiwa shilingi 1,986 ambazo sandukuni hazimo. Ukiushusha hadi 3,477, zinabaki 2,151. Baki hiyo ni ya nani? Hilo huamuliwa na wanachama kikaoni, na chombo kielezwe uamuzi wao kabla hakijagusa namba.

Kinachonipa hofu zaidi ni taarifa za miamala ya simu, maana siku hizi wengi hutuma hisa zao wakiwa safarini. Muamala uliorudishwa huonekana mara mbili, mara umetoka, mara umeingia. Makato nayo yaweza kukaa mstari wa peke yake. Wakala akichagua mistari isiyostahili, chombo kitaijumlisha bila kosa na jibu litakuwa si sahihi. Kwa hiyo, kabla ya jumla yoyote, salio la mwanzo, ongeza yaliyoingia, toa yaliyotoka, lazima lifike salio la mwisho. Lisipofika, wakala akatae kujibu na aonyeshe mahali hesabu ilipogoma. Na kila namba atakayotoa aje nayo pamoja na mistari aliyoitumia. Wanaouza programu hizi kwa vikoba na SACCOS waombwe kuonyesha hayo mbele ya wanachama, kwa daftari la kikundi chenyewe, kabla hawajalipwa hata shilingi. Kwa mama anayeweka hisa mbili kila wiki, kikoba ndicho benki yake.

Jumamosi tulivunja kikoba. Binti alirudi na programu iliyopewa chombo cha hesabu, ikatoa 3,477 kwa hisa na baki ya 2,151, pamoja na orodha ya mistari yote. Mweka hazina aliisoma mstari mmoja mmoja kwa sauti, sisi tukifuata kwenye vitabu vyetu vya hisa. Ilichukua saa nzima na zaidi, wala hakuna aliyelalamika. Zile 2,151 zikaingia mfuko wa jamii wa kikoba, na funguo tatu zikarudi kwa wenyewe.