Oda za Chakula cha Usiku: Panga Saa Kabla Hujapanga Meza

Leo naongea na sisi tunaopokea oda za chakula WhatsApp na Facebook, halafu mteja anakuja kukaa na kula palepale. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mteja akikuuliza "kuna nafasi?", usikimbilie kuhesabu viti. Angalia jiko lako kwanza. Viti vinaweza kuwa vitupu na bado usiwe na nafasi.

Mimi niko Mkiwa, hapa inapochepuka barabara ya kwenda Itigi kutoka barabara kuu ya Manyoni kwenda Singida. Wateja wangu ni wa aina tatu: wenyeji wanaotaka kula na familia, wasafiri wa magari madogo, na madereva wa malori. Tena tangu mabasi yaruhusiwe kusafiri usiku mwaka 2023, barabara hii hailali. Chakula cha usiku kimekuwa biashara inayojitegemea. Na huku Singida mtu akisimama anataka kuku wa kienyeji, basi! Sasa kuku wa kienyeji sio chipsi. Kuchinja, kunyonyoa, kuchemsha mpaka alainike, kisha umuunge au umkaange: saa nzima inakatika, na akiwa jogoo mkubwa inapita. Huyo mteja hawezi kukaa saa 2 akala saa 2 na dakika 10, labda kama ulijua mapema kwamba anakuja.

Tupige hesabu ndogo ya mfano. Una viti 24. Mpishi wako na majiko yake ya mkaa wanaweza kutoa sahani 8 kila nusu saa. Ukipokea watu 24 wote wa saa 1:30 usiku, wanane watakula kwa wakati, wanane watakula saa 2:00, na wanane wa mwisho saa 2:30. Hao wa mwisho wamekaa saa nzima wanaangalia wenzao wakitafuna. Sasa chukua watu haohao 24, wagawe: wanane saa 1:00, wanane saa 1:30, wanane saa 2:00. Sahani ni zilezile, mpishi ni yuleyule, mkaa ni uleule, na hakuna aliyesubiri. Hujaongeza hata senti tano ya mtaji.

Ndio maana nasema panga zamu. Mteja akiandika "tunakuja wanne leo usiku", usijibu "karibu sana" ukaishia hapo. Mjibu: "Karibu sana dada. Nina nafasi saa 1:00 na saa 2:00, ipi inakufaa?" Wengi wanachagua bila kinyongo, kwa sababu umewapa saa mbili za kuchagua na hukuwaambia hapana. Msafiri wa gari naye mwambie atume ujumbe akifika Manyoni, au akiwa anatoka Singida mjini. Ujumbe huo ndio unamwambia mpishi sasa injika.

Halafu kuna hili la saa, linaleta ugomvi kweli. Mwingine anaandika "saa 7" akimaanisha 7 ya simu yake, yaani saa 1 usiku. Mwingine anaandika "kesho saa 2" na hujui ni asubuhi au usiku. Usibahatishe. Kila oda irudishie ujumbe mmoja wenye kila kitu, mfano:

"Dada, tumekuhifadhia meza ya watu 4, Jumamosi hii saa 1:30 usiku. Kuku mzima 1, ugali na mlenda. Tumepokea 10,000, imebaki 15,000. Ukichelewa tujulishe, meza tunaishikilia mpaka saa 1:50."

Ujumbe huo uhifadhi kwenye majibu ya haraka ya WhatsApp Business, unabadilisha jina, saa na kiasi tu. Tumia na lebo zake: nani kalipa, nani bado, nani kahudumiwa. Ila daftari usiliache. Simu ikizima chaji saa 1 usiku, daftari ndilo litakuokoa. Mpishi naye hashiki simu yako, anataka karatasi ukutani yenye saa, idadi ya watu na chakula chao.

Sasa tuje kwenye advansi, maana hapa ndipo tunapobishana sana. Kuna wanaosema chukua hela yote kabla. Kuna wanaosema watu wetu hawajazoea, utawafukuza. Mimi sikubaliani na pande zote mbili. Watu wetu wamezoea sana: tiketi ya basi unalipa kabla hujapanda, fundi cherehani anachukua advansi kabla hajagusa kitambaa. Huko Chicago, Marekani, mgahawa wa Next ulipofunguliwa mwaka 2011 ulikuwa unauza chakula kwa tiketi zinazolipwa mapema kabisa, na saa zenye watu wengi bei ilikuwa juu. Kwao iliwezekana. Lakini kwetu mteja anayelipa yote kabla hajaona sahani anahisi ameshikwa, hasa kama hakujui.

Ushauri wangu: chukua advansi pale tu ambapo oda ikikwama unapata hasara. Kuku akishachinjwa harudi bandani, kwa hiyo oda ya kuku mzima au ya kundi iwe na advansi. Wali maharage wa mtu mmoja usimsumbue mtu, atauzika kwa mwingine. Na sema sharti lako kabla hela haijaingia: akighairi kabla hatujachinja, tunamrudishia yote, tukishachinja, advansi haitarudi. Kama umeahidi kurudisha, rudisha siku hiyohiyo.

Pia usihifadhi meza zote. Sehemu ya njia panda kama Mkiwa, theluthi ya meza iache kwa wapita njia. Dereva wa lori hawezi kukwambia atafika saa ngapi, anakula na kuondoka, na kesho kutwa anapita tena na wenzake. Ukimwambia "zote zimeshikwa" huku anaziona tupu, humuoni tena.

Mwezi wa Ramadhani mambo yanabadilika. Futari haina zamu, adhana ya Magharibi ni moja kwa wote. Hapo dawa ni kuweka idadi ya mwisho na kuiheshimu, hata simu ziite vipi. Tende, maji na uji viwe mezani kabla ya adhana. Mtu anafungua, anakwenda kuswali, na dakika hizo ndizo unazozitumia kupakua chakula kizito.

La mwisho ndilo gumu. Saa 1:30 imefika, meza imehifadhiwa kwa yule dada aliyetuma 10,000 yake, mara anaingia mkubwa fulani na watu wake sita, hakutoa taarifa, na anaitaka meza hiyohiyo. Wengi wetu tunamsogeza dada pembeni, karibu na jiko. Mimi nasema usifanye hivyo. Mpokee mkubwa kwa heshima zote, mpe kinywaji, mwambie ukweli: "Mheshimiwa, meza hii ina mwenyewe, ndani ya nusu saa nakupangia nyingine." Muungwana ataelewa. Dada ukimnyanyua mbele ya watoto wake, ujumbe wako wa "tumekuhifadhia" umekuwa uongo, na atawaambia watu. Sisi tunaouza kwa simu hatuna bango kubwa wala jina la miaka 30. Tuna neno letu tu.

Na wewe unayeuza keki, nguo za kushona au mboga za kupeleka majumbani, hesabu ni ileile. Jua mikono yako inatoa vingapi kwa saa, kisha ndio useme "karibu".

Wewe kwako unachukua advansi au unaamini mdomo? Na mkubwa akija bila taarifa unafanyaje? Tuambie hapo chini, tujifunze wote.