Jicho la Askari Lisichaguliwe kwa Karatasi ya Ruhusa

Wahenga walinena: heri kufa macho kuliko kufa moyo. Hatuna ugomvi na wahenga, kwani askari asiye na moyo si askari. Lakini alindaye doria usiku, ashikaye usukani wa lori la kikosi, na apigaye shabaha kwenye uwanja wa mazoezi, huyo anahitaji moyo na macho pia. Ndiyo maana tumeona vema leo tulijibu swali ambalo askari wa jeshi na wa polisi hutuuliza mara kwa mara kambini na vituoni: je, mtu asiyeona mbali, aliyeweka akiba yake ili apasuliwe macho kwa miale ya leza na kuachana na miwani, achague upasuaji wa namna gani?

Swali hili hatulidharau, kwa maana sisi wenyewe tu watu wa miwani. Tulipokuwa katika shule ya maafisa kadeti, usiku mmoja wa mvua tulivuka kinamasi, na miwani yetu ikaanguka majini isionekane tena. Tulimaliza safari ile tumeshika mkanda wa mwenzetu aliyetutangulia, mithili ya kipofu aongozwaye sokoni. Aliyepatwa na hayo hawezi kumcheka askari atamaniye kuamka asubuhi na kuona mlima bila ya kupapasa mezani.

Kwanza tufahamu kazi yenyewe. Mbele ya jicho pana utando mgumu ulio wazi kama kioo, uitwao konea. Unene wake katikati ni kiasi cha nusu milimita tu. Utando huo ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kupinda nuru ili picha iangukie mahali pake nyuma ya jicho. Kwa asiyeona mbali, picha hukomea kabla ya kufika hapo. Daktari hutumia leza kupunguza kiasi kidogo sana cha konea na kuubadili mviringo wake. Njia tatu ndizo zitumiwazo zaidi, na tofauti yao kubwa ni jinsi ya kuingia ndani ya konea.

Njia ya kwanza, na kongwe kuliko zote, ni PRK. Marekani iliiidhinisha rasmi mwaka 1995. Ngozi laini ya juu ya konea huondolewa, leza ikachonga, kisha lenzi laini ikawekwa kama bendeji mpaka ngozi ile iote upya, yapata siku nne hadi saba. Siku za mwanzo zina maumivu, macho hutoka machozi, na mwanga huchoma. Kuona hurejea polepole, kwa majuma na hata miezi. Tena lipo jambo linalotuhusu sana sisi tuishio chini ya jua la ikweta: jua kali laweza kuchangia ukungu kwenye konea inayopona, kwa hiyo miwani ya jua ni lazima kwa miezi kadhaa.

Njia ya pili ni LASIK, ambayo wengi wameisikia. Hapa daktari hukata kipande chembamba cha konea, unene wake kama sehemu ya kumi ya milimita, akakifunua kama mfuniko wa sanduku, leza ikachonga chini yake, kisha mfuniko ukarudishwa. Maumivu ni machache, na aghalabu mtu huona vizuri siku ya pili yake. Lakini mfuniko ule haurudii kamwe nguvu yake ya awali. Pigo kali au kidole kikiingia jichoni chaweza kuusogeza, hata baada ya miaka.

Njia ya tatu na changa zaidi ni SMILE, iliyopata idhini ya Marekani mwaka 2016. Leza hukata kipande kidogo chenye umbo la lenzi ndani kwa ndani ya konea, nacho hutolewa kupitia tundu la milimita mbili hadi nne. Hakuna mfuniko, na kupona hakuchukui muda mrefu kama PRK. Hutumika hasa kwa wasioona mbali, na si kila mji una mashine yake.

Sasa tueleze kisa kimoja. Mwenzetu mmoja, koplo hodari, alifunga safari kwenda kupasuliwa. Daktari alimshauri PRK kwa sababu ya kazi yake. Koplo akatazama karatasi yake ya ruhusa, akakuta ana siku nne tu. Akaomba LASIK. Jumatatu alikuwa kwenye gwaride, anaona kila kitu, naye akatusifia sana uamuzi wake. Mwaka uliofuata, katika mazoezi ya kupigana bila silaha, kidole cha mwenziwe kikamgusa jichoni, na mfuniko ukasogea. Bahati njema alifikishwa kwa daktari siku ile ile, na jicho likaokolewa. Lakini alikaa nje ya kazi muda mrefu kuliko ruhusa ile ambayo hakuthubutu kuiomba.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Askari ambaye kazi yake ni kushikana mwili kwa mwili, awe wa miguu, wa miavuli, au polisi wa kutuliza ghasia, na afikirie PRK kwanza, au SMILE kama ipo na jicho lake linafaa. Tusieleweke vibaya: LASIK si njia mbovu. Jeshi la Majini la Marekani lilianza kuichunguza PRK kwa askari wake mwaka 1993 huko San Diego, na baadaye majeshi ya nchi ile yakaikubali LASIK pia. Hata shirika lao la anga, NASA, liliiruhusu kwa wanaanga mwaka 2007. Karani wa ghala au fundi wa redio aweza kuichagua bila ya kujuta. Na mwisho wa safari, baada ya miezi mingi, waliofanyiwa PRK na waliofanyiwa LASIK huona karibu sawa. Kinachotofautiana ni mwendo wa kupona, na hatari inayobaki nyuma.

Na hapa ndipo tunapowageukia wakuu wa vikosi na wa vituo, kwa heshima zote. Maadamu tofauti ni majuma machache, si haki askari achague jicho la maisha yake kwa kuhesabu siku za likizo. Apewe ruhusa ya kutosha hadi ngozi ya jicho ifunge, kisha kazi nyepesi za kambini, asipangiwe lindo la usiku, udereva wala shabaha mpaka daktari atie sahihi. Kombania haitaanguka kwa kukosa bunduki moja kwa muda huo.

Nanyi askari, msifanye jambo hili kwa siri. Si kila jicho lafaa. Kipimo cha miwani sharti kiwe hakijabadilika kwa mwaka mzima au zaidi. Wenye konea nyembamba, au ugonjwa wa konea kuchongoka uitwao keratokonasi, wasiguswe na leza hizi. Vijana wenye macho ya kuwasha, wanayoyasugua kila siku, wapimwe kwa uangalifu zaidi, kwani tabia hiyo huambatana na ugonjwa huo. Avaaye lenzi za machoni aziache kwa muda atakaoambiwa kabla ya kupimwa. Macho makavu na duara za mwanga kwenye taa za usiku huweza kufuata kwa miezi. Na mwenye miaka arobaini ajue kwamba leza haitamwondolea miwani ya kusomea. Daktari asiyepima unene na umbo la konea, bali anayeuliza fedha tu, mkimbieni.

Asiyefaa kwa njia yoyote kati ya hizi asione haya. Miwani yenye kamba madhubuti, na ya akiba mfukoni, imewatumikia askari wengi kwa heshima. Sisi tungali tunaivaa, na tangu usiku ule wa kinamasi hatujatoka kambini bila ya jozi ya pili.