Wingi si Uduni: Barbara Kimenye na Deni la Wahakiki

Katika idara za fasihi za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki imeota mizizi kasumba ya kumdhania mwandishi aliyeandika mengi kuwa hakuandika kitu. Mtunzi wa riwaya mbili huandikiwa tasnifu. Mtunzi wa makumi ya vitabu vya watoto hutengewa aya moja, kisha mlango hufungwa. Mfano bayana wa dhuluma hii ni Barbara Kimenye.

Kimenye, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1929 na kufariki London mwaka 2012, aliishi Uganda na Kenya, akahudumu katika serikali ya Kabaka na kisha katika uandishi wa habari. Wahakiki hupenda kutaja hadithi zake za watu wazima, Kalasanda (1965) na Kalasanda Revisited (1966). Lakini kilichosomwa na vizazi vya wanafunzi ni mfululizo wa Moses, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuchapishwa na Oxford University Press. Pengo hili baina ya kinachotajwa na kinachosomwa ndilo linalostahili kuhojiwa.

Mashtaka dhidi yake ni mawili. La kwanza ni kwamba anajirudia: shule ileile ya bweni, wavulana walewale, utundu uleule. Hoja hii haina mashiko. Hakuna fanani aliyelaumiwa kwa kumrejesha Sungura au Abunuwasi jioni baada ya jioni. Mhusika wa kudumu ni mbinu kongwe ya fasihi simulizi, na mfululizo wa vitabu ni sura yake ya maandishi. Isitoshe, kinachorudiwa kina maana. Shule ya Bwana Mukibi inajinadi kuwa taasisi ya wana wa waungwana wa Kiafrika, hali ni kimbilio la waliokataliwa na shule nyingine. Kila kitabu kinaporejea hapo, tashtiti dhidi ya biashara ya elimu inazidi kukolea.

Shtaka la pili ni kwamba aliandika kwa Kiingereza, kwa hiyo hawahusu walimu wa fasihi ya Kiswahili. Upesi wa hoja hii hudhihirika inapopelekwa mahali kama Lokiriama, magharibi ya Lodwar, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako Waturkana na Wamatheniko walifanya mapatano ya amani mwaka 1973. Mtoto wa huko huzungumza Kiturukana nyumbani. Kiswahili na Kiingereza hukutana nazo zaidi shuleni. Kwake kitabu cha kwanza ni mlima. Cha pili huwa chepesi iwapo majina, mandhari na msamiati vimekwisha kuzoeleka. Cha tatu hukitafuta mwenyewe. Hivyo ndivyo mfululizo unavyomfanya mwanafunzi kuwa msomaji. Kitabu kimoja kizuri, kilichoandikwa peke yake kwa ajili ya mtihani, hakiwezi kazi hiyo. Haja ni ileile Kakuma, ambako tangu mwaka 1992 kambi ya wakimbizi imekutanisha watoto wa lugha nyingi.

Je, Kimenye hana dosari? Anazo. Ulimwengu wa Moses ni wa wavulana wa bweni. Msichana yumo pembezoni, na mtoto wa mfugaji hapati humo mtu wa kufanana naye. Lakini dosari hizi hubainishwa kwa uhakiki, hazibainishwi kwa kimya. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kumtungia mtoto wa Lokiriama mfululizo wake anahitaji kujua Kimenye alifaulu wapi na alikwama wapi. Nani atamweleza, ikiwa wenye shahada wanaona haya kukisoma kitabu chenye picha?

Idara zinazofunza walimu ndizo zinazoamua kipi kihesabiwe kuwa fasihi. Mwalimu aliyefunzwa kudharau vitabu vya mfululizo huibeba dharau hiyo hadi Lodwar na kuwanyima wanafunzi wake ngazi ya kupandia. Yafaa mfululizo uingizwe katika mitaala ya uzamili kama utanzu kamili, wenye fani na maudhui yake, na mfululizo wa Moses uwe miongoni mwa matini za kwanza kuchambuliwa. Kufanya hivyo si kumfadhili Kimenye. Ni kulipa deni.