Je, kuna VVU "vipole"? Jeni ndogo za virusi na afya ya mtoto wako

Januari 2025 Marekani ilisimamisha kwa ghafla sehemu kubwa ya misaada yake kwa nchi za nje. Huduma za VVU katika nchi nyingi za Afrika ziliyumba, kwa sababu tangu mwaka 2003 mpango wa PEPFAR umekuwa ukigharamia dawa, vipimo na mishahara ya wahudumu wengi. Kliniki inapopungukiwa wahudumu na foleni inaporefuka, ni rahisi mzazi kujiuliza: "Mwanangu anakula, anacheza, hana dalili yoyote. Huenda virusi vyake ni dhaifu. Je, hawezi kupumzika dawa kidogo?"

Wanasayansi nao waliwahi kujiuliza kama kuna VVU dhaifu visivyoleta ugonjwa. Jibu walilolipata linamhusu mtoto mchanga kuliko mtu mwingine yeyote.

Jeni saidizi ni nini?

Jeni ni maelekezo ambayo kila kiumbe hubeba ndani yake. Binadamu ana jeni takriban 20,000. VVU vina 9 tu. Tatu kati ya hizo hutengeneza umbo la kirusi na vifaa vyake vya kuzaliana. Mbili husimamia kazi ya uzalishaji. Nne zilizobaki huitwa jeni saidizi: vif, vpr, vpu na nef.

Ziliitwa saidizi kwa sababu katika maabara, ndani ya aina fulani za seli, virusi viliweza kuzaliana hata zikikosekana. Lakini maabara si mwili. Mwilini kuna ulinzi, na kazi kubwa ya jeni hizi ni kuuvunja ulinzi huo:

- Vif huharibu protini ya mwili iitwayo APOBEC3G, ambayo ingevuruga maelekezo ya virusi vipya visiweze kuzaliana. Siri hii iligunduliwa mwaka 2002.
- Vpu hukata "kamba" inayovishikilia virusi vipya kwenye ukuta wa seli, ili viondoke na kushambulia seli nyingine.
- Vpr huizuia seli isigawanyike kama kawaida na kuifanya itumikie virusi.
- Nef huondoa juu ya seli alama zinazowaambia askari wa mwili kwamba seli hii imeambukizwa. Askari hupita pembeni yake bila kuigusa.

Hapo mwanzo nef ilidhaniwa kuwa inapunguza kasi ya virusi, na jina lake lilitokana na dhana hiyo. Baadaye ikaonekana kuwa ni miongoni mwa jeni zinazochangia sana mtu kuugua.

Waliopata virusi visivyo na nef kamili

Ushahidi mkubwa ulitoka Sydney, Australia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla ya kipimo cha VVU kupatikana, mtu mmoja mwenye maambukizi alichangia damu na watu kadhaa wakaongezewa. Miaka ikapita, na wengi wao hawakuugua UKIMWI ingawa hawakuwa wakitumia dawa. Mwaka 1995 watafiti walieleza sababu: virusi vyao vilikuwa vimepoteza kipande cha jeni ya nef.

Wakati huohuo nchini Marekani, nyani wakubwa walipewa virusi vya jamii ya VVU vilivyoondolewa nef. Hawakuugua, na hata walikingwa dhidi ya virusi vikali. Matumaini ya kupata chanjo yakapanda.

Kisha matokeo mawili yakayashusha. La kwanza, kule Sydney, mchangiaji damu mwenyewe na baadhi ya waliopokea damu yake walianza kupungukiwa seli za CD4 baada ya miaka mingi. Virusi vyao vilikuwa vimechelewa tu. La pili linawagusa wazazi zaidi. Mwaka 1995 watoto wachanga wa nyani walipewa kwa mdomo virusi vilivyopunguzwa nguvu kwa kuondolewa nef na vpr. Baadhi yao waliugua UKIMWI. Virusi ambavyo nyani wakubwa waliweza kuvidhibiti viliwashinda wachanga. Chanjo ya namna hiyo haikujaribiwa kwa binadamu.

Hii ina maana gani kwa mtoto wako?

Kwanza, kinga ya mtoto mchanga bado inajifunza kazi. Bila matibabu, karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na VVU hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili. Na hao ni watoto wenye virusi vya kawaida, vyenye jeni zote 9.

Pili, mtoto anayetumia dawa na kuonekana mzima hana virusi vipole. Dawa ndizo zimevifunga. Akiziacha, virusi vilivyojificha ndani ya seli huamka na kuanza tena kuzaliana.

Tatu, dawa zinazotumika leo hazilengi jeni saidizi. Hushambulia vifaa ambavyo virusi hutumia kuzaliana. Habari za lenacapavir, sindano ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2025, zinahusu kinga kwa wasio na maambukizi, mara mbili kwa mwaka. Sindano hiyo peke yake haichukui nafasi ya dawa za mtoto wako.

Faida ya kuanza mapema inajulikana. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa watoto walioanzishiwa dawa mara tu walipogundulika walikuwa na vifo pungufu kwa takriban robo tatu, wakilinganishwa na waliosubiri hadi seli za CD4 zishuke au dalili zionekane.

Mambo ya kufanya sasa

- Mpeleke mtoto akapimwe akiwa na wiki 4 hadi 6, kisha miezi 9, na tena baada ya kuacha kunyonya. Kabla ya miezi 18, omba kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, kwani kipimo cha haraka huweza kuonyesha kinga aliyoipata kwa mama.
- Mama anayenyonyesha aendelee na dawa zake kila siku. Virusi vikifubazwa, hatari ya kumwambukiza mtoto hupungua sana.
- Usisubiri chupa iishe. Dawa zikibaki za wiki mbili, piga simu au nenda kliniki. Kama imefungwa, uliza kituo kingine cha serikali kilicho karibu na uende na kadi ya mtoto.
- Usimgawie mtoto dawa za mtu mzima, wala usipunguze dozi ili zidumu. Dozi pungufu huvifundisha virusi kuizoea dawa.
- Ulizia kipimo cha wingi wa virusi. Macho hayawezi kukuambia kama virusi vimelala, kipimo kinaweza.